Zuhura katazama kusiko

Zuhura: Assalam aleikum nyote. Nimefika Paris salama, ila asubuhi hii nusura nigongwe na baiskeli. Nimesimama ukingoni, nikatazama kulia, kweupe, nikashusha mguu. Kumbe mwenzangu anakuja kutoka kushoto. Kengele yake bado inalia masikioni.

Mama Zuhura: Wewe mtoto! Umeumia?

Zuhura: Sijaumia mama. Alinikwepa, akanitupia maneno ambayo nashukuru sikuyaelewa.

Idi: hahaha hujamaliza hata siku moja

Mama Zuhura: Idi acha kucheka. Zuhura, huko wanapita kulia. Ukivuka tazama kushoto, halafu kulia, halafu kushoto tena.

Zuhura: Najua mama. Kichwa kinajua, shingo ndiyo haijui.

Mjomba Hamisi: Pole sana mpwa wangu. Shingo hiyo hiyo ilimponza Winston Churchill. Desemba 1931 alikuwa New York, akashuka kwenye teksi Fifth Avenue, akatazama upande aliouzoea kwao Uingereza, akaingia barabarani. Gari likamzoa. Akalazwa hospitali.

Salma: Mjomba shikamoo. Hiyo ni kweli au ya kijiweni?

Mjomba Hamisi: Marahaba. Ni kweli, na mwenyewe alikiri kosa lilikuwa lake, si la dereva. Baadaye akaandika makala ya gazeti juu ya kugongwa kwake.

Idi: Zuhura na wewe andika, "Nilivyotukanwa na baiskeli"

Zuhura: Nacheka huku natetemeka. Lakini jamani, kwa nini? Nani aliamua hawa kulia, wale kushoto?

Mjomba Hamisi: Napoleon. Wanasema alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, akataka majeshi yake yapite kulia. Kila alipoteka, wakafuata. Waingereza hakuwateka, wakabaki kushoto. Basi.

Salma: Mjomba, kwa heshima zote, hiyo haisimami. Pennsylvania kule Marekani walishaandika kwenye sheria mwaka 1792 kwamba barabara ya kutoka Philadelphia kwenda Lancaster watu wapite kulia. Mwaka huo Napoleon alikuwa afisa kijana tu, hana wa kumwamrisha barabarani. Na hao Wareno wamepita kushoto mpaka 1928.

Mjomba Hamisi: Hm. Majeshi yake yaliingia Ureno lakini.

Salma: Yaliingia, yakafukuzwa.

Idi: mjomba umeshikwa

Shangazi Mwanaidi: Nimekuta meseji 20, nikadhani kuna msiba. Mimi nilisikia ni mambo ya panga.

Salma: Hayo nayo yanasemwa sana, shangazi, na yana mantiki. Watu wengi wanatumia mkono wa kulia, kwa hiyo ala ya upanga inakaa kiunoni kushoto. Ukipanda farasi unapandia kushoto, ala isikuzuie mguu, na ni nafuu upandie ukingoni kuliko katikati ya njia. Halafu ukikutana na usiyemjua unataka awe upande wa mkono wako wa kazi, iwe kumsalimia au kumkata. Hapo utapita kushoto tu.

Sheria zimekuja baadaye sana. London Bridge waliamriwa kupita kushoto mwaka 1756, na Uingereza nzima ikaandikiwa sheria mwaka 1835. Watu walikuwa wanafanya hivyo zamani, karatasi ikawafuata.

Zuhura: Sasa hawa wa kulia upanga wao walivaa wapi?

Salma: Hapo farasi ndiye mwenye jibu. Marekani na Ufaransa walikuwa na magari makubwa ya mizigo yanayovutwa na farasi wengi, wamefungwa wawili wawili. Mengi hayakuwa na kiti cha dereva. Dereva anapanda farasi wa nyuma upande wa kushoto, ili mkono wa kulia ubaki huru kuwafikia wote kwa mjeledi. Ukikaa kushoto hivyo, likija gari jingine unataka lipite upande wako, uinamishe kichwa uone magurudumu hayasuguani. Kwa hiyo unajisogeza kulia.

Mjomba Hamisi: Hiyo ya kuinamisha kichwa naielewa kuliko mtu yeyote humu. Ngojeni.

Mjomba Hamisi: Nilipokuwa naendesha malori ya masafa tulikuwa tunavuka mpaka ambapo upande unabadilika. Kuvuka kwenyewe si tabu, unafuata aliye mbele. Tabu ni usukani. Lori langu usukani uko kulia, na sasa napita kulia, kwa hiyo nimekaa upande wa majani. Mbele kuna lori lingine linajikongoja. Nataka kulipita. Naona nini? Naona tela lake tu. Utingo aliyekaa kushoto ndiye macho yangu. Anatoa kichwa dirishani: "Bado... bado... bado... twende!" Siku hiyo akasema twende. Natoa pua ya lori, basi hili hapa linaniwashia taa. Nikarudi ndani jasho linanitiririka mpaka kwenye soksi. Namgeukia utingo, macho yamefumba. Alikuwa anasinzia, "twende" ameitamka ndotoni.

Idi: 😂😂😂

Mama Zuhura: Kaka hii hujawahi kunisimulia!

Mjomba Hamisi: Ungemwambia mama. Nilikaa nyuma ya lori la mawe kilomita arobaini, nimetulia kama maji ya mtungini. Na usiku ni balaa jingine. Taa za gari ukizishusha zimetengenezwa zimulike zaidi upande wa ukingo, zisimuumize anayekuja. Ukihamia upande wa pili, huo ukingo ndiko wenzako wanakotokea. Unawapofua wote, wanakuwashia na wao, unapofuka na wewe.

Mama Zuhura: Bibi amesikiliza. Anasema huyo utingo angeona cha moto.

Idi: sasa si dunia nzima ikubaliane upande mmoja yaishe

Salma: Sweden walijaribu kuwauliza wananchi. Mwaka 1955 walipiga kura, asilimia 83 wakasema hapana, tunabaki kushoto.

Idi: ikawaje

Salma: Serikali ikahamia kulia vilevile 😅

Zuhura: Khaa!

Salma: Walikuwa na sababu. Jirani zao Norway na Finland wanapita kulia, na mipaka ni mirefu. Kituko zaidi, magari mengi ya Sweden tayari yalikuwa na usukani kushoto. Yaani nchi nzima ilikuwa inaendesha kama mjomba na lori lake, kila siku, bila hata utingo. Bunge likaamua mwaka 1963, siku ikawa Jumapili tarehe 3 Septemba 1967. Kuanzia saa 7 usiku magari mengi yakazuiwa. Yaliyoruhusiwa, ilipofika saa 10:50 alfajiri yote yakasimama. Yakavuka polepole kwenda kulia, yakasimama tena. Saa 11 kamili, haya nendeni.

Shangazi Mwanaidi: Dakika 10 za kuhama nchi nzima! Mimi kuhamisha kabati nilichukua siku mbili.

Salma: Dakika 10 za kuhama, shangazi, matayarisho miaka. Alama za barabarani kama 360,000 zilibadilishwa. Mabasi yakahitaji milango upande wa pili. Nembo ya siku hiyo, herufi H, ikabandikwa hadi kwenye pakiti za maziwa na chupi.

Idi: chupi????

Mjomba Hamisi: Ajali hazikuongezeka?

Salma: Zilipungua! Kila mtu alikuwa anaendesha kwa woga. Walipozoea zikarudi zilikokuwa.

Mjomba Hamisi: Hilo naliamini bila ushahidi. Dereva mwoga ndiye dereva bora.

Idi: na waliolewa Jumamosi usiku je

Salma: Hilo Samoa walilifikiria. Wao walihama mwaka 2009, tarehe 7 Septemba, lakini kwa kinyume, kutoka kulia kwenda kushoto. Walikataza kuuza pombe siku 3 na wakatoa siku 2 za mapumziko ili barabara ziwe tupu.

Zuhura: Kushoto tena? Kwa nini?

Salma: Magari. Ndugu zao wengi wako Australia na New Zealand, huko usukani uko kulia. Wakitumiwa gari lililotumika walitaka liwafae. Ndiyo maana nawaambia mambo ya Napoleon na panga ni mwanzo tu. Baada ya hapo ni jirani yako anapita wapi na gari lako linatoka wapi. Sierra Leone 1971, Nigeria 1972, Ghana 1974: wote Mwingereza aliwaacha kushoto, wamepakana na nchi zilizotawaliwa na Mfaransa, wakahamia kulia. Msumbiji ni kinyume chake. Ureno ilipohama mwaka 1928 wao walibaki kushoto, kwa sababu majirani wengi walikuwa kushoto.

Shangazi Mwanaidi: Na Japani? Hawakutawaliwa na Mwingereza wala hawana jirani wa kuvuka kwake kwa gari.

Salma: Shangazi umenibana vizuri. Wenyewe walikuwa na samurai, yale yale ya ala kiunoni kushoto. Halafu reli yao ya kwanza, mwaka 1872, ilijengwa kwa msaada wa wahandisi wa Kiingereza, ikapita kushoto. Barabara zikaandikiwa sheria ya nchi nzima mwaka 1924. Kipande kimoja, Okinawa, Wamarekani walikiweka kulia baada ya vita. Kikarudishwa kushoto tarehe 30 Julai 1978, miaka 6 baada ya Japani kurudishiwa kipande hicho.

Mjomba Hamisi: Ila waliochekesha kuliko wote ni Myanmar. Desemba 1970 wakaamriwa kuhamia kulia, magari wakabaki nayo yale yale ya usukani kulia. Nimeona picha za mabasi yao ya zamani, mlango unafungukia katikati ya barabara. Abiria anashuka anakutana na lori uso kwa uso.

Salma: Inavumishwa kwamba mkuu wao, Jenerali Ne Win, alishauriwa na mnajimu.

Mjomba Hamisi: Huyo mnajimu hakuwahi kupanda basi.

Mama Zuhura: Bibi anauliza, na meli? Zenyewe zinapita wapi, nazo zinabishana?

Mjomba Hamisi: Mwambie mama, meli mbili zikija uso kwa uso kila moja inageuza kulia kwake. Dunia nzima, bendera yoyote. Ndege nazo hivyo hivyo.

Mama Zuhura: Anasema alijua tu mabaharia wana akili.

Zuhura: Jamani, mimi nimepanda treni ya kwenda mjini. Treni inapita KUSHOTO. Mnaniua.

Salma: Hahaha nilikuwa nasubiri uligundue! Reli za mwanzo Ufaransa zilijengwa na Waingereza wakiwemo, treni zikabaki kushoto. Isipokuwa huko mashariki, Alsace, palipokuwa chini ya Wajerumani 1871 mpaka 1918. Huko ni kulia. Na treni za chini za Metro hapo Paris ni kulia.

Zuhura: Kwa hiyo mji mmoja, magari kulia, treni kubwa kushoto, treni ndogo kulia. Na mimi ndiye nikalaumiwa na baiskeli.

[Zuhura ametuma picha]

Zuhura: Nimeshuka. Oneni kipilefti hiki. Barabara 12 zinaingia hapo, lile lango kubwa la Arc de Triomphe katikati. Na anayeingia ndiye anapishwa, si aliyemo ndani!

Idi: hicho si kipilefti

Zuhura: Kwa nini?

Idi: huko wanazunguka kwa kulia. hicho ni kipiraiti

Shangazi Mwanaidi: 😂 Mtoto huyu!

Salma: Ana hoja lakini. Neno limetoka kwenye kibao cha Kiingereza, "keep left", cha kuwaambia madereva wapite kushoto. Tukasikia "ki" mwanzoni, tukadhani ni kama kiti na kisu, kikiwa kimoja kipilefti, vikiwa vingi vipilefti. Ukikivusha upande wa pili jina linamsuta mwenyewe.

Mjomba Hamisi: Kipiraiti, vipiraiti. Nimekubali, tukiweke kwenye kamusi.

Mama Zuhura: Zuhura, hapo kwenye hicho kitu usivuke. Nasema usivuke.

Zuhura: Hakivukwi mama. Kuna njia ya chini ya ardhi ya waenda kwa miguu mpaka kwenye lango.

Mama Zuhura: Pita humo.

Idi: humo chini watu wanapita kulia au kushoto?

Zuhura: Ngoja, nimegongana na mtu.