Narudi kwenye hoki baada ya miaka mingi, ninunue stiki gani na nianze na vifaa gani?

BekiWaZamani

Habarini wadau wa magongo. Nilicheza hoki sekondari na chuo, nafasi ya beki, nikaacha nilipoanza kazi na watoto wakafuatana, sasa wasichana wa ofisini wamenivuta turudi uwanja wa hoki wa City Park, Nairobi, Jumamosi asubuhi, eti ni ya kujifurahisha tu lakini nimeenda kuwaangalia wanakimbia kweli kweli. Stiki yangu ya kitambo iko, ile ya mti wa mforsadi kutoka India, nimeitoa juu ya kabati nikakuta gripu inamenyeka kama ganda la kitunguu na kwenye kichwa kuna nyuzi nyuzi zinachomachoma kidole.

Nikaingia dukani. Muuzaji akaniwekea mbili mezani, moja imeandikwa kaboni asilimia 90 nyingine 30, bei zimepishana vibaya sana, akaanza kunieleza mambo ya mpindo wa chini na mpindo wa kati nikatoka bila kununua kitu juu sikuelewa hata nusu. Enzi zetu ulikuwa unashika gongo, unalipima kiunoni, basi.

Sasa naomba mnisaidie. Nina futi tano na inchi nne, goti la kulia hulalamika kidogo nikishuka ngazi, na mwezi huu pesa inatosha vitu viwili vitatu si vyote. Stiki urefu gani, kaboni ngapi? Na hizi njumu za mpira wa miguu za kijana wangu zinanitosha, naweza kuzitumia kwenye tafu (nyasi bandia) ama?

KipaMstaafu

Karibu nyumbani dada. Wengi watakuambia uanze na stiki, mimi nakuambia stiki iwe ya mwisho. Anza na meno, miguu, halafu viatu. Mpira wa hoki ni plastiki ngumu ya gramu 156 hadi 163 na wewe ni beki, yaani kazi yako ni kusimama mbele ya mtu anayepiga. Kinga ya meno na kinga za muundi hazina mjadala, hata mazoezini. Stiki unaweza kuazima wiki mbili tatu, kila timu ina stiki ya ziada kwa begi la mtu, lakini hakuna mtu anaazima meno.

Njumu za kijana wako ziache kabisa, hasa na hilo goti. Meno ya njumu ni marefu, kwenye tafu yanang'ang'ania, mwili unageuka mguu umebaki, goti ndilo linalipa. Viatu vya tafu vina vijino vifupi vya mpira vingi vingi chini, hivyo ndivyo unavyotaka, na ukikosa vya hoki vya kwenyewe zile trena za kuchezea futboli ya tafu zinafanya kazi vizuri tu, masoko ya mtumba ya Gikomba na Toi zinapatikana safi ukienda mapema.

Stiki ya mforsadi itunze lakini usiichezee. Sheria inataka stiki iwe laini isiwe na sehemu ya kukwaruza, refa akipitisha kidole pale kwenye nyuzi atakutoa nayo. Na usiidharau, timu yetu ya taifa ya Kenya iliyoshika nafasi ya 4 Kombe la Dunia pale Barcelona mwaka 1971 chini ya Avtar Singh Sohal ilicheza na magongo ya mti. Kilichobadilisha mambo ni uwanja. Olimpiki ya Montreal 1976 hoki ikachezwa kwenye nyasi bandia kwa mara ya kwanza (sisi hatukuwepo, tulisusia pamoja na nchi nyingi za Afrika), mpira ukawa unateleza haraka bila kurukaruka na baadaye stiki nazo zikabadilika, kichwa kikawa kifupi, mti ukapisha faiba (nyuzi za kioo) na kaboni.

Kwa urefu wako inchi 36.5 itakufaa, ndiyo saizi ya watu wazima wengi. Isimamishe kando yako, juu ifike kwenye mfupa wa nyonga. Uzito tafuta nyepesi, karibu gramu 530.

DragiFliki_Nai

Karibu tena uwanjani mama. Mzee hapo juu yuko sawa kuhusu viatu ila kwa stiki mimi naona tofauti. Nunua kaboni ya juu mara moja uishi nayo. Ukinunua ya 30 baada ya miezi sita mkono umerudi utataka nyingine, sasa umelipa mara mbili. Mimi niko na ya 95 mpindo wa chini na mpira ukitoka hapo ata kipa haoni, ukizoea hurudi nyuma. Na wewe ni beki unahitaji kupiga pasi ndefu, si ni nguvu ndio unataka?

KipaMstaafu

Kijana wangu nakuheshimu, lakini wewe unacheza kila wiki na unapiga kona fupi (ile adhabu inayoanzia mstari wa goli). Huyu dada kwanza anarudi kujifunza kupokea mpira. Kaboni nyingi maana yake stiki ni ngumu, haipindi, nguvu yote ya mkono inaenda kwa mpira, hiyo ni kweli. Shida ni kwamba inafanya vivyo hivyo mpira ukija. Pasi kali ikigonga stiki ngumu na mikono bado haijalegea vizuri, mpira unaruka mita mbili mbele na fowadi wa timu ingine anakushukuru. Ile ya faiba nyingi inameza pigo kidogo, mpira unabaki miguuni. Beki anayepoteza mpira akipokea ana hasara kuliko beki ambaye pasi yake imepungua kasi.

Tena huo mpindo wa chini. Sheria inaruhusu stiki ipinde mpaka milimita 25, na kwenye mpindo wa chini ile sehemu iliyopinda zaidi iko karibu na kichwa, imetengenezewa mtu wa kuburuta mpira na kuurusha. Ukipiga nayo pigo la kawaida la kulalia na mkono haujazoea, uso wa stiki unafunguka, mpira unapanda. Mpira ukipanda kuelekea mtu aliye karibu ni filimbi, na mbaya zaidi ni mtu kuumia. Dada, chukua kaboni kati ya 20 na 50, mpindo wa kati, yaani ule uliopinda zaidi katikati ya stiki. Kama ikiwa na aramidi (aina ya nyuzi imara) ndani ni vizuri zaidi, inapunguza ule mtetemo unaopanda mpaka kwa kiwiko, na viwiko vyetu si vya miaka 20.

DragiFliki_Nai

Hapo kwa kupokea umenishika mzee, sikuwa nimefikiria beki. Mpindo wa kati basi. Lakini isishuke chini ya 40 kama pesa inaruhusu, hizo za 20 zingine mpira ni kama unafia kwa stiki.

PwaniMagongo

Salaam dada. Mimi niko Mombasa, huku tunacheza sana kwenye nyasi za kawaida na huko njumu hazina tatizo, kwa hivyo usizitupe, ukialikwa mechi ya nyasi utazihitaji. Nyasi ikiwa na umande trena ya tafu inateleza vibaya.

Nililotaka kusema ni kuhusu stiki za mtumba, maana bei ya mpya inaumiza. Mimi zangu zote nimenunua mkononi kwa wachezaji wanaobadilisha na ziko sawa, ila lazima uikague. Kwanza igonge kwa fundo la kidole kuanzia juu mpaka kichwani, taratibu, huku umeiweka karibu na sikio. Sauti inatakiwa iwe kavu na moja. Ukifika mahali sauti inakuwa bubu, hapo ndani pameachana, hata kama nje rangi inang'aa. Pili geuza kichwa uangalie chini kinapokwaruza uwanja, rangi kutoka ni kawaida, lakini ukiona nyeupe ya faiba imeanza kuchanika kama uzi, achana nayo. Tatu omba mpira upige mara kadhaa, ukisikia ganzi inapanda mkononi rudisha. Muuzaji akikataa usipige basi ameshakujibu.

Gripu mbovu isikutishe, ni kitu cha bei ndogo na unafunga mwenyewe. Toa ya zamani yote, futa gundi, anza juu ushuke chini ukiivuta kidogo, kila duara ilalie la juu yake kidogo tu, mwisho funga na utepe. Na kama uwanja wenu una mchanga bandika utepe kwenye kichwa pia, mchanga unakula stiki haraka sana.

BekiWaZamani

Asanteni sana, kwa kweli sikutegemea majibu ya kina hivi. Nimeamua, mwezi huu kinga ya meno, kinga za muundi na trena, stiki nitaazima kwa wasichana. Mwisho wa mwezi ujao naangalia ya 36.5, kaboni 40 hivi, mpindo wa kati, na PwaniMagongo nitaigonga dukani mbele ya kila mtu.

Maswali mawili tu yamebaki. Hii kinga ya meno ya kuchemsha unaifanyaje, nilijaribu ya kijana wangu ikanipa kichefuchefu. Na je sheria zimebadilika sana? Juzi nimeona mtu amechezewa faulo akaendelea na mpira yeye mwenyewe nikashangaa refa hakupuliza.

KipaMstaafu

Ya kijana wako imeshika meno yake, haiwezi kukukaa. Nunua yako. Chemsha maji, yaache yatulie kidogo, chovya kinga muda ulioandikwa kwenye pakiti, itoe kwa kijiko, iweke kwa meno ya juu uume kwa nguvu huku unanyonya hewa na kuikandamiza kwa ulimi na vidole kupitia mashavu, halafu maji baridi. Kama inakutia kichefuchefu ni ndefu huko nyuma, ikate kwa mkasi mdogo mdogo kabla ya kuchemsha, ukiachama isianguke hapo imekaa.

Sheria ndiyo, zimebadilika. Hiyo uliyoona ni halali tangu 2009, ukipewa faulo unaweza kujianzishia mwenyewe, huhitaji kumpasia mwenzako kwanza. Kwa hivyo wewe kama beki ukifanya faulo usigeuke kulalamika, rudi mita tano haraka maana atakupita ukiwa umempa mgongo. Na mechi sasa ni robo nne za dakika 15, si vipindi viwili vya 35 kama zamani, goti lako litaipenda hiyo.

Halafu kona fupi. Mabeki wanaokimbilia mpigaji sasa wanavaa barakoa ya uso, na glavu mkono wa kushoto ule unaoshuka chini karibu na nyasi. Barakoa kwa kawaida ni za timu, waulize wasichana ziko ngapi. Kama hazitoshi usikubali kuwa wa kwanza kutoka golini, simama kwa mlingoti mpaka zinunuliwe.

DragiFliki_Nai

Mama mimi huwa niko hapo Jumamosi. Niko na stiki ya zamani ya 36.5 kaboni 50 imelala tu kwa begi, nitaileta uijaribu, ukiipenda tuongee bei. Na ndio, unaweza kuigonga.