Naomba ushauri: nataka kuwa fundi wa kusafisha dohani, nianze na cheti au nianze na kazi?

Mwana_Paa: Wakuu, habari za majukumu. Nina miaka 29, minne nimekuwa naezeka mapaa, kwa hiyo urefu haunitishi. Mwezi uliopita tulikuwa tunabadilisha vigae kwenye nyumba moja, akaja mzee kusafisha dohani. Alitandika shuka kuanzia mlangoni hadi kwenye meko, akaziba mdomo wa meko, akapandisha brashi. Akatoka na ndoo mbili za masizi, na kochi jeupe lililokuwa pembeni halikupata hata doa. Tangu siku hiyo sina raha na vigae.

Sasa kuna kozi ya mtandaoni ya siku chache, ukimaliza unapewa cheti. Nikiilipia nitahesabika fundi? Au nitafute kwanza mtu wa kumfuata? Nawasilisha.

Dada_Masizi: Karibu mdogo wangu. Niko Marekani, huu mwaka wa 11 kwenye masizi. Huku majimbo mengi hayadai leseni maalumu ya kazi hii. Yeyote mwenye ngazi na brashi anaweza kujiita fundi. Ndiyo maana mteja anayejielewa anauliza cheti, na kinachojulikana zaidi ni cha Chimney Safety Institute of America, taasisi iliyoanzishwa 1983. Unasoma, unafanya mtihani, ukifaulu kinadumu miaka 3, halafu unakihuisha kwa mafunzo ya ziada au unarudia mtihani.

Ila mtihani hautakuuliza namna ya kushika brashi. Utaulizwa kanuni. Kwa mfano, dohani itokeze angalau futi 3 juu ya pale inapopenya paa, na izidi kwa futi 2 chochote kilicho ndani ya futi 10. Au ngazi tatu za ukaguzi kwenye NFPA 211, kanuni za dohani za chama cha kuzuia moto cha Marekani: ya kwanza ni ya dohani inayotumika kama kawaida, ya pili nyumba inapouzwa, jiko linapobadilishwa au baada ya moto kuwaka ndani ya dohani, na hapo unapitisha kamera. Ya tatu ni mpaka kubomoa ukuta. Hiyo usiiparamie.

Kwa hiyo cheti kitafute, ila hiyo kozi yako uliza kwanza nani anaitambua. Isije ikawa umenunua karatasi.

Bwana_Ngazi: Inategemea uko nchi gani mkuu. Ujerumani hakuna njia ya mkato: uanagenzi wa miaka 3, unagawanya muda kati ya kazini na chuoni, ndipo mtihani. Ukitaka kukabidhiwa eneo lako la ukaguzi unapanda hadi fundi mkuu, wenyewe wanaita Meister. Mpaka mwisho wa 2012 mwenye nyumba hakuwa na hiari ya kuchagua fundi, ilimbidi amtumie yule wa eneo lake. Siku hizi usafishaji anachagua mwenyewe, ingawa kuna ukaguzi ambao bado ni wa fundi wa eneo.

Kuni_Mbichi: Jamani, kufagia moshi nako mpaka mtihani? Si brashi juu, brashi chini, umemaliza?

Fundi_Kimya: Ndugu, mimi nilifikiri hivyohivyo. Wiki ya pili nikiwa msaidizi, brashi ikakwama kwenye kona ya bomba. Fito zetu za kusukumia brashi zinaungwa kwa kuzungushiwa, kama parafujo. Nikazungusha kinyume ili ijinasue. Nikasikia kitu kimelegea, nikavuta, zikashuka fito tatu. Brashi na fito mbili zimebaki juu! Bosi hakusema neno, alinitazama tu, akaenda kuleta ngazi. Tangu siku hiyo nazungusha kulia tu, hata kama mkono umekufa ganzi. Jambo hilo hakuna video iliyonifundisha.

Na masizi si ya aina moja. Yapo ya unga, hayo hata mtoto anafagia. Yapo ya magamba magumu. Halafu kuna kreosoti iliyoganda, nyeusi inang'aa kama lami, inaletwa na kuni mbichi na moto wa kufifia. (Jina lako limenichekesha.) Brashi inateleza juu yake. Inataka dawa au minyororo ya kuzungushwa kwa mashine, na ukikosea unapasua vigae vya ndani ya dohani. Mwenye nyumba akiwasha, joto linapita kwenye ufa kutafuta mbao za nyumba.

Kuni_Mbichi: Nimeufyata.

Mwana_Paa: Asanteni sana. Basi ninunue kabisa ile mashine ya kuzungusha?

Dada_Masizi: Usinunue chochote bado. Mtafute yule mzee, omba kumbebea fito msimu mmoja. Utajua mwenyewe brashi ya waya inaingia wapi na ya plastiki wapi, maana bomba la chuma cha pua ukilipitishia waya mgumu unalichubua. Pia uliza bima mapema. Siku ukijitegemea, nyumba ikiungua wiki moja baada ya kutoka wewe, cheti hakilipi.

Na afya yako. Daktari Percivall Pott aliandika tangu 1775 kwamba masizi yanawapa wafagia dohani saratani, enzi hizo Uingereza wakipandisha watoto ndani ya bomba. Vaa barakoa yenye chujio, siyo kitambaa. Nguo za kazi usiende nazo nyumbani.

Mwana_Paa: Namba ya mzee ninayo, aliibandika kwenye gari. Kesho asubuhi nampigia.

Fundi_Kimya: Vizuri. Na kama unafuga ndevu, nyoa kabla hujaenda. Barakoa haishiki juu ya ndevu, atakurudisha mlangoni.