Upeo bandia ukidanganya mawinguni, unaujuaje mapema?

Mwanagenzi_172
Wakuu, salaam. Alhamisi tulikuwa tunatoka Kasese kuja Entebbe, mimi na mwalimu, Cessna 172 ya zamani, futi 9,000. Tulipopita Katonga tukaingia kwenye wingu zito, nje kweupe kama tumetumbukia kwenye sufuria ya posho. Macho yangu yote yalikuwa kwenye upeo bandia, kile kifaa kinachoonyesha kama ndege imenyooka au imelala. Ukaanza kulalia kushoto, polepole, nami nikawa nasawazisha kulia. Mwili ulikubali kabisa. Mwalimu akaniuliza tu, "Unaenda wapi, ssebo (bwana)?" Kumbe kasi imetoka noti 105 hadi 130, altimita (kipima kimo) inashuka, kipima mgeuko kimelala kulia. Akashika usukani, akatoa risiti ya mafuta mfukoni, akaibandika juu ya upeo bandia. Chini, fundi akakuta pampu ya vakumu, ile inayovuta hewa ya kuzungusha kifaa hicho, imekufa. Ningejuaje kabla hajasema?

Afande_Mstaafu
Kijana, ugonjwa huu hauji na kelele. Jairo, lile gurudumu linalozunguka ndani ya kifaa, ikikosa hewa haisimami papo hapo. Inazunguka dakika kadhaa huku ikichoka, na uongo wake unaingia kidogo kidogo. Upeo bandia na jairo ya mwelekeo zinakula sahani moja, ya vakumu. Kipima mgeuko kinakula umeme, kimewekwa hivyo makusudi. Kwa hiyo upeo ukidai umelala kushoto, na kipima mgeuko kimetulia, kasi na kimo havijabadilika, mwongo umeshamjua. Geji ya vakumu itakuthibitishia: inatakiwa isome kati ya inchi 4.5 na 5.5 za zebaki.

Ile risiti usiidharau. Hata ukijua kifaa kimekufa, jicho litakirudia kama ulimi unavyorudia pengo la jino. Mimi nilikuwa natembea na karatasi za kunata kwenye mfuko wa shati, mke wangu akidhani ni za ofisini.

Kisha waambie waongozaji Entebbe mapema, bila haya, wakuambie lini uanze kugeuka na lini uache. Usipowapata, geuka kwa saa: digrii 3 kila sekunde, yaani digrii 30 ni sekunde 10. Dira isome ukiwa umenyooka tu. Zile kanuni za vitabu vya Uingereza kuhusu dira kuchelewa ukigeukia kaskazini ziache hukohuko. Ikweta ya sumaku, mstari ambapo sindano ya dira haiinami upande wowote, iko kaskazini mwetu, kwa hiyo hapa kosa ni dogo na linakwenda kinyume.

Fundi_Spana
Pampu hizo za kavu ndani zina vipande vya grafiti. Kikivunjika kimoja, basi, imekwisha, haikupi notisi. Muulize fundi kama alisafisha mipira ya kupitishia hewa na kubadilisha filta, maana ule unga ukibaki utaua na pampu mpya. Na mkiegesha, funikeni mrija wa pitoti, ule wa kupimia kasi. Nyigu wa hapa wanajenga humo siku moja tu.

Mwanagenzi_172
Asante sana, Afande. Fundi, mipira nitauliza kesho. Jumamosi mwalimu anasema atafunika vyote viwili, upeo bandia na jairo ya mwelekeo, nirushe hivyo hadi nizoee.

Afande_Mstaafu
Vizuri, lakini akifunika amekwisha kukujibia swali lako. Mwombe mara nyingine asifunike, akuulize tu, "Nani anadanganya hapa?"