Vilengeo vya faiba au tritiumu kwenye bastola ya Glock 19: vipi vinadumu?

Mlengaji_Houston: Wakuu, nataka kuvitoa vilengeo vya plastiki vilivyokuja na Glock 19 yangu. Jumamosi nacheza mechi za USPSA, mashindano ya kulenga shabaha kwa bastola hapa Marekani; usiku bastola inakaa kwenye sefu chumbani. Faiba nyekundu, ule uzi wa plastiki unaokusanya mwanga, naipenda, ila juzi uzi wa mwenzangu ulichomoka katikati ya mechi, akabaki na tundu tupu. Zinadumu kweli?

DadaPhoenix: Kaka, huu ni msimu wangu wa tatu na faiba. Teke la bastola halijawahi kuukata uzi wangu. Uliukata ujinga wa kusafisha: nilipuliza dawa ya kusafishia breki kwenye slaidi nzima, yaani sehemu ya juu ya bastola, uzi ukaingia nyufa, nilipougusa kwa ukucha ukavunjika. Ule ni plastiki, na asetoni pia inaula. Sasa nafuta kilengeo kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, basi.

FundiMinneapolis: Kweli dada. Mimi hutazama kwanza nyumba ya uzi, yaani kilengeo kinachoushika. Vilengeo vya mashindano huachwa wazi juu ili vinywe mwanga, kwa hiyo uzi husuguliwa na ala kila unapochomoa. Chagua cha chuma. Uzi wa milimita 1.5 una nguvu kuliko wa 1, ingawa nukta yake inafunika zaidi shabaha ya mbali.

Huyo mwenzako nadhani kichwa cha uzi kilikuwa kidogo. Kata uzi uzidi tundu kidogo, sogeza kiberiti cha gesi karibu na ncha bila moto kuigusa, itavimba kama kichwa cha msumari. Fanya hivyo pande zote mbili. Bastola iwe tupu, umehakikisha mara mbili.

Mzee_Columbus: Wanangu, msisahau giza. Faiba haina mwanga wake, hukusanya wa nje tu. Tritiumu, gesi ya mionzi inayofungwa ndani ya kilengeo, inang'aa yenyewe, lakini kila miaka 12 na kidogo hubaki nusu. Kabla ya kununua soma mwaka uliotengenezwa. Kwa bastola ya nyumbani ningechukua vya mchanganyiko, faiba na tritiumu pamoja.

DadaPhoenix: Shikamoo mzee. Nimevijaribu vya mchanganyiko. Juani macho yangu yanauona upesi zaidi uzi ulio wazi. Nyumbani nategemea tochi, maana lazima nijue ni nani aliyesimama pale kabla ya kulenga chochote.

Mlengaji_Houston: Hoja ya tochi imenishika. Nachukua faiba ya chuma, milimita 1.5. Uzi wa akiba mnaweka wapi?

FundiMinneapolis: Begi la renji, lile la kwenda nalo uwanja wa kulengea, vipande viwili, na kiberiti.