Viola yangu imepasuka kifua. Kuna anayechonga vyombo hivi hapa Uganda, na kwa mti gani?

Mwalimu wa Kwaya (Tororo)

Habari zenu ndugu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tororo. Jioni nafundisha kwaya, na nina vijana 7 wanaojifunza fidla, au vayolini kama wengi mnavyoiita. Mimi mwenyewe napiga viola, ndugu mkubwa wa fidla mwenye sauti nzito, ya kiwandani, inchi 15 na nusu. Niliinunua Kampala mwaka 2021, na kwa mshahara wa mwalimu sina haja ya kuwaeleza nilijinyima nini.

Mwaka jana mvua zilipokatika, mshono wa chini uliachia, pale ubao wa juu unapokutana na ubavu, karibu na kidevu. Ukucha ulikuwa unapita. Nikampelekea seremala wa jirani, mtu mwaminifu, ndiye aliyetengeneza madawati yetu. Akapaka gundi nyeupe ya mbao, akabana usiku kucha, kesho yake ikawa safi. Nikamshukuru Mungu. Mwezi wa pili mwaka huu, katikati ya mazoezi, nikasikia "ta!" kama mtu amevunja kijiti. Ufa umeanzia chini kabisa, pembeni ya kile kipande cheusi ambacho waya wa mkia hupitia juu yake, umepanda kama vidole vinne. Uzi wa C, ule wa sauti nzito kuliko yote, sasa unalia kama nyuki ndani ya kopo.

Nauliza mawili. Ufa huo unatibika, au nianze kuweka akiba upya? Na la pili: nasikia kuna mwanamuziki Kampala anayechonga fidla na viola kwa mkono wake. Kama ni kweli, anatumia mti gani? Maana mvule hapa tunao.

Kijana wa Malaba

Mwalimu, panda basi nenda Nairobi ununue nyingine, usijitese. Fidla si stuli. Wazungu wanachongea mbao za miaka 300, sisi tutazitoa wapi?

Randa na Upinde

Mwalimu, pole sana. Huyo unayemsikia huenda ni mimi, huenda ni mwingine. Hatuko wengi lakini siko peke yangu. Nina karakana Ndeeba, hapa Kampala, nyuma ya wauza mbao. Jumamosi napiga viola kwenye harusi, Jumapili kanisani, siku zilizobaki nachonga. Mpaka leo nimemaliza fidla 11 na viola 4. Kiswahili changu ni cha kambini Jinja, kikipinda mnisamehe.

Nianze na ufa, maana najua watu watamrukia seremala wako, na kosa lake nililifanya mimi kwenye chombo changu cha kwanza. Mshono ule ulipoachia, viola haikuwa inaugua. Ilikuwa inajiokoa. Ubao hunywa unyevu na kuutema, na kila mara hupanuka na kusinyaa kwa upana, kwa urefu karibu hausogei. Ndiyo sababu vyombo hivi hugundishwa kwa gundi ya ngozi, tena kwenye kifua, yaani ubao wa juu, hupakwa nyepesi kama uji wa mgonjwa, makusudi isiushinde mti nguvu. Kiangazi kikifika ubao ukataka kujikunja, gundi inaachia kwanza. Fundi anapitisha kisu chembamba, anapaka gundi ya moto, anabana, basi. Seremala wako alitia gundi inayoshika kuliko mti wenyewe. Kwa dawati ni sawa kabisa. Kiangazi cha pili ubao ulitafuta mlango haukuuona, ukatokea ukutani.

Na kwa nini uanzie pembeni ya kile kipande cheusi? Kile ni mti mgumu, na mishipa yake imelazwa kwa upana wa chombo, kwa hiyo upande huo hakisinyai. Ubao unaokizunguka unasinyaa. Kikiwa kimebanwa kabisa kinageuka kabari. Viwandani hukibana ili kipendeze machoni. Mimi huacha nafasi ya nusu milimita kila upande. Wateja wengine hudhani ni uvivu.

Unatibika. Nitafungua kifua, nitakwangua gundi nyeupe yote (hapo ndipo penye kazi, kwa sababu haiyeyuki kwa maji ya moto kama ya ngozi), nitaufunga ufa, halafu ndani nitabandika vipande vidogo vya mbao kuuvuka, kama plasta. Siku 5. Nyuki atatoka.

Gundi napika mwenyewe. Mabaki ya ngozi ya ng'ombe nayafuata Mpambire, kwa wachonga ngoma wa njia ya Masaka. Wakishakata duara, pembe zinabaki. Nachemsha, nachuja, nakausha vipande kama kashata. Siku ya kazi naviloweka, napasha kwenye sufuria iliyo ndani ya sufuria ya maji, juu ya sigiri, nyuzi joto 60 hivi. Ikichemka imekufa. Mke wangu ana maoni yake kuhusu harufu, sitayaandika hapa.

Sasa mti. Fidla yangu ya kwanza niliichonga mvule, mwaka 2009, kwa kiburi tu. Nilisema mti wetu, jasho letu. Ilitoka na gramu 700. Fidla ya kawaida hukaa chini ya 500. Mvule ni mti wa milango, na fidla ile ililia kama mlango. Bado ninayo, inashikilia dirisha siku za upepo.

Kifua ndicho kinachoimba, na Ulaya hukichonga kwa sprusi, ndugu yake msonobari, kutoka milima ya baridi kama Alpi. Baridi huufanya mti ukue polepole, kila mwaka mstari mmoja mwembamba. Unakuwa mwepesi na bado mgumu kwa urefu wake, vitu viwili ambavyo kwa kawaida havikai nyumba moja. Kwetu karibu na ikweta mti haulali, unakula mwaka mzima. Nilijaribu musizi, mwepesi kweli, lakini nyuzi 4 za fidla huvuta kwa kilo 20 na zaidi na daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi, linakandamiza kifua muda wote. Baada ya miezi mitano kilikuwa kimebonyea kama godoro la hosteli. Nikajaribu podo, mti wa musenene. Unachongeka vizuri ajabu, randa inateleza, lakini sauti ni ya mtu anayeongea na shuka mdomoni. Paina ya kupandwa ina mistari mipana kama kidole na utomvu usiokwisha. Kilichonishangaza ni saiprasi. Mwaka 2016 nilipata mbao za dari kutoka nyumba ya zamani iliyobomolewa Kabale, kule kwenye baridi, zimekaa chini ya mabati miaka na miaka. Nikachonga viola moja. Ninayoipiga Jumapili ni hiyo. Nimetafuta mbao kama zile tena, sijazipata.

Kwa hiyo siku hizi vifua naagiza sprusi nje, na sioni aibu. Mgongo, mbavu na shingo ni vya hapa. Ulaya mgongo huwa ni wa jamii ya ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada, lakini hata Waitaliano wa zamani, kwa viola na vyombo vikubwa, mara nyingine walitumia miti laini ya kawaida. Niliposikia hivyo nikaenda kununua mukebu, mti uleule wa ngoma zetu. Kwa mgongo wa viola ni mtamu sana, sauti inakuwa ya kifuani. Kwa fidla unazubaa, hapo natumia musambya. Vigingi vya kukazia nyuzi ni mpingo wa Tanzania.

Ndugu wa Malaba, hiyo miaka 300 naisikia kila wiki. Stradivari, yule fundi fidla maarufu wa Italia, alifariki mwaka 1737. Siku alipokuwa anachonga pale Cremona, mbao zake hazikuwa na miaka 300. Zilikuwa zimekauka, basi. Tatizo letu ni hilo: hapa Ndeeba utauziwa mbao "kavu", upige msumari maji yakurukie. Mimi kila ubao naandika tarehe kwa penseli kwenye kichwa chake, nautundika chini ya bati, kila mwezi naupima kwenye mizani ya sukari. Uzito ukiacha kushuka, ndipo tunaanza kuongea.

Kijana wa Malaba

Sawa fundi, nimekubali. Lakini unajuaje unene bila mashine?

Randa na Upinde

Kipimo ninacho, kilitengenezwa kwa mkono Katwe, kwa mafundi chuma wa Kampala: kipimio cha saa kwenye fremu ya chuma, kinasoma mpaka sehemu ya kumi ya milimita. Kifua cha fidla nakiacha kama milimita 3, mgongo 4 na nusu katikati ukishuka mpaka 2 na nusu pembeni, mbavu milimita 1 na kitu, hizo nazikunja kwa maji juu ya bomba la chuma lenye makaa ndani. Bomba nalo la Katwe.

Lakini kipimo kinakuonyesha pa kupunguza mwendo. Pa kusimama ni sikio. Babu yangu, mtu wa Busoga, alipiga ndingidi. Chombo chenyewe si cha kale kama watu wanavyodhani, kilienea huku Uganda mwanzoni mwa karne ya 20. Mzinga wa mti, ngozi, fimbo, uzi mmoja wa katani na upinde. Hakuwa na rula. Alikuwa anagonga mzinga kwa kidole, anatoa mti kidogo kwa kisu, anagonga tena, na mtu akimsemesha wakati huo hajibu. Nilidhani ana kiburi. Siku nilipoanza kugonga vifua vya fidla, mwanangu akaniuliza mbona sijibu.

Dada wa Moroto

Fundi asante, umenifumbua macho. Nina fidla niliyoitoa Kampala ikiwa nzima kabisa. Miezi mitatu huku Karamoja, vigingi vikaanza kuteleza, kila asubuhi nyuzi zimelegea zote nne, na mshono umefunguka kiunoni. Nilidhani wamenipa mbovu. Kumbe ni hewa? Mama mmoja hapa ameniambia niweke sponji yenye maji ndani ya kasha.

Randa na Upinde

Ni hewa, dada. Kampala tunaishi ndani ya mvuke, huko kwenu kiangazi ni tanuri. Fidla haijui imehama, inajua imekauka. Huyo mama yuko sahihi ila punguza: sponji ikamuliwe kabisa, iwekwe kwenye kikopo cha sabuni chenye matundu, isiguse mti. Vigingi vipakwe chaki kidogo na sabuni ya mche. Na huo mshono wa kiunoni usimpe mtu mwenye gundi nyeupe! Upo salama hivyo ulivyo wazi, legeza nyuzi kidogo mpaka utakapopita Kampala.

Mwalimu wa Kwaya (Tororo)

Fundi, sijui nikushukuru vipi. Seremala nimemsomea, amecheka, amesema ukimpa hiyo gundi ya ngozi yuko tayari kujifunza. Swali la mwisho: hata ilipokuwa mpya, uzi wa C ulikuwa hafifu ukilinganisha na nyuzi nyingine. Ni mkono wangu?

Randa na Upinde

Si mkono wako, ni viola. Inashuka hatua 5 chini ya fidla lakini mwili wake haukukuzwa kwa kiasi hicho. Ili C ipate nyumba inayoitosha, mwili ungehitaji kupita nusu mita, na wewe ungehitaji mkono wa sokwe. Yako ni sentimita 39 na ushee. Kwa hiyo kila anayechonga viola anadanganya mahali fulani. Wengine wanapanua chini, wengine wanatanua mashimo. Mimi nazidisha kimo cha mbavu milimita 2 na kukikonda kifua kidogo upande wa C. Yako nikishaifungua nitaangalia ule mkanda wa mbao uliogundishwa ndani chini ya uzi wa C. Wa viwandani mara nyingi ni mnene mno, nikiupunguza utasikia tofauti. Kwa hilo sikuongezei bei.

Seremala mlete. Simtanii. Tororo mpaka Kampala kwa kazi ya dakika 20 ni dhambi.

Ukija usitoe nyuzi zote, legeza tu. Ndani kuna nguzo ndogo ya mti, imesimama karibu na mguu wa daraja, haikugundishwa, inashikiliwa na mkandamizo tu. Waitaliano na Wafaransa huiita roho. Ukitoa nyuzi inaanguka. Na kwenye basi ishike mapajani, usimpe utingo aiweke chini na majogoo.

Mwalimu wa Kwaya (Tororo)

Fundi, nyuzi nilishazitoa wiki iliyopita. Kuna kitu kinagongagonga ndani.

Randa na Upinde

Basi imekata roho. Usiitikise. Jumatano nipo tangu saa mbili asubuhi, uliza kwa wauza mbao, sema unamtafuta mtu wa gundi inayonuka.