Naomba ushauri: picha ya balozi aliyeuawa, tuibandike au tuiache?

Habari zenu ndugu, na wakubwa shikamooni. Nasimamia klabu ya habari ya sekondari moja hapa Mwanza. Vijana wanaandaa gazeti la ukutani kuhusu mabalozi waliouawa wakiwa kazini ugenini.

Chris Stevens wa Marekani aliuawa Benghazi, Libya, Septemba 2012, na vyombo kadhaa vilitoa picha yake akibebwa hajitambui. Kijana mmoja ameichapa kubwa, ya rangi. Nimeilaza kifudifudi mezani. Nikiwafikiria ndugu zake siwezi kuitazama. Walimu wenzangu wanasema habari ni habari.

Halafu Luca Attanasio wa Italia, aliyeuawa karibu na Goma, Februari 2021, pamoja na mlinzi wake na dereva Mkongo, Mustapha Milambo. Kwenye vichwa vingi vya habari Milambo alibaki "dereva" tu. Binti mmoja, baba yake anaendesha lori la samaki, akaniuliza, "Yeye hana jina?" Nilishauri tuweke majina yote matatu, mhariri wao akasema kichwa kitakuwa kirefu mno.

Waandishi mliomo humu, picha ya mtu anayekata roho huwa mnaipimaje? Na jina la dereva likae kwenye kichwa cha habari, au aya ya kwanza inatosha? Tunabandika Ijumaa.