MJADALA: Camacho kubwaga manyanga Real Madrid mara mbili, ni msimamo au alikimbia kazi?

Wakuu, jana kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Tulianza na makocha wanaong'ang'ania kiti mpaka wanafungiwa geti, mmoja akasema si wote, akamtaja José Antonio Camacho. Kikanuka. Nauleta hapa.

Kwa ambao hamkumwona: Mhispania, beki tatu (beki wa kushoto) wa Real Madrid tangu 1974 hadi 1989, mechi 81 timu ya taifa ya Hispania, ubingwa wa ligi mara tisa, Kombe la UEFA 1985 na 1986. Katikati ya hapo goti lilimweka nje karibu miaka miwili, na zama zile goti likienda unaanza kutafuta kazi nyingine. Akarudi. Hakuwa fundi sana wa mpira, ila winga aliyepangiwa naye alikuwa na siku ndefu.

Sasa ukocha. Mwaka 1998 Madrid wametoka kubeba ubingwa wa Ulaya, wakamwita nyumbani. Alikaa siku 22, hata mechi moja hakusimamia. Hawakuelewana na rais wa klabu, Lorenzo Sanz, kuhusu watu wa benchi lake la ufundi. 2004 wakamwita tena, safari hii kuna Zidane, Ronaldo, Figo, Raúl na Beckham. Akapigwa 3-0 na Leverkusen, akapigwa 1-0 na Espanyol, Septemba hiyohiyo akaaga.

Mimi nasema alikuwa sahihi. Kocha asiyeachiwa kuchagua wasaidizi wake ni mpangaji tu pale, na mwenye nyumba anaweza kumtoa usiku. Mnasemaje?

Winga Mstaafu:
Ya 1998 nakuachia. Ya 2004 hapana, mkuu! Ligi ina mechi 38, wewe Septemba unafunga begi? Beki akipigwa chenga hatoki uwanjani kwenda kuoga, anageuka anamkimbiza mtu. Yeye mwenyewe ndivyo alivyocheza miaka 15. Mastaa wakikushinda, wapige benchi mpaka ufukuzwe. Kufukuzwa kwa kocha si aibu.

Mama Kona:
Nyie mnaongelea Madrid tu kama vile hakufundisha kwingine. Benfica ya Ureno aliyoifundisha je? Januari 2004 pale Guimarães, mshambuliaji wake Miklós Fehér alipewa kadi ya njano, akatabasamu, akainama ameshika magoti, akaanguka chali. Hakuamka. Camacho alilia palepale uwanjani, kamera zote zinamwona. Mei, timu hiyohiyo ikaifunga Porto ya Mourinho 2-1 kwenye fainali ya Kombe la Ureno, ndani ya dakika 30 za nyongeza. Siku kumi baadaye Porto hao wakawa mabingwa wa Ulaya. Anayekimbia kazi angeondoka Januari. Hakuna ambaye angemlaumu.

Mzee wa Kibendera:
Mimi namhukumu kwa timu ya taifa ya Hispania aliyoifundisha. Euro 2000 walitolewa na Ufaransa 2-1, Raúl kapaisha penalti mwishoni. 2002 robo fainali na Korea Kusini ndiyo usiseme: mabao mawili yamekataliwa, refa Mmisri, na mmoja wa washika vibendera jirani yetu Mganda. (Kabla hamjamrukia: krosi ya Joaquín iliyodaiwa kutoka nje kabla Morientes hajafunga kwa kichwa, kibendera kilikuwa cha yule wa Trinidad na Tobago.) Wakafa kwa penalti. Watu wanakumbuka shati lake la bluu lililolowa kwapani, ile timu wameisahau.

Winga Mstaafu:
Mzee, bahati mbaya mara ngapi? Timu ya taifa ya Gabon kapewa Desemba 2016, AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) Januari nyumbani kwao, mshambuliaji staa Aubameyang anaye. Guinea-Bissau, wageni kabisa wa mashindano, wakasawazisha dakika za majeruhi. Sare. Burkina Faso, sare. Cameroon, sare. Wenyeji nje hatua ya makundi bila kufungwa mechi hata moja. Na huko hakuondoka! Kabaki mpaka 2018, na Kombe la Dunia la Urusi hawakwenda.

Mtoa mada:
Winga, Gabon ulitaka afanye nini kwa wiki chache? Mechi na Cameroon waligonga mwamba mwishoni kabisa, mpira uliorudi kipa wao Ondoa akaupangua, na Cameroon hao ndio waliobeba kombe. Ila hoja ya Mama Kona imenigusa kuliko hata yangu. Nilikuwa namtetea kwa kuondoka, kumbe Benfica alisifika kwa kubaki.

Ya 2004 basi nalegeza kamba nusu. Wiki mbili tatu zaidi angewapa.

Ila mtafuteni kwenye fainali ya Ulaya ya 1981 pale Paris, Madrid na Liverpool. Camacho kabaki yeye na kipa Clemence, bado 0-0. Akaubetua mpira, ukapita juu ya mwamba. Mwisho wa mchezo bao pekee likafungwa na Alan Kennedy, naye beki tatu. Winga, hapo utasema nini?

Winga Mstaafu:
Hapo nasema pole. Ya 2004 bado nakataa.